Gundi Isiyoachia

Siku niliyoaga, vijana wa karakana walinipa keki na daftari. Keki tuliimaliza palepale. Daftari walitaka nilijaze mambo ya kazi, na kwa kuwa watatu kati yao wanne wanasema Kiswahili, naandika Kiswahili, kile cha kitabu nilichofundishwa shuleni Uvira. Nikiteleza nikaangukia kile cha nyumbani, bon, mtanielewa. Wa nne ni Kevin. Mtamsomea.

Nani alipanda cheo na lini, sitaandika. Mimi nilipanda mara moja tu, nikapewa ufunguo wa choo cha wateja.

Mimi ni fundi viatu, mtoto wa fundi viatu. Kushona soli nilianza nikiwa na miaka kumi na moja, na kole, yaani gundi, nilianza kuinusa kabla ya hapo. Tulipofika Louisville tulipewa nyumba kule Shively, na yule mama aliyekuwa akitutafutia kazi akaniuliza ninajua nini. Nikasema viatu. Akaandika viatu. Baada ya wiki mbili nikajikuta kwenye ukumbi wa boling, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe vigingi, ambako wateja huazimwa viatu vya ukumbi. Kazi yangu ilikuwa kuvipokea vikiwa bado na joto la mwenyewe, kuvipulizia dawa na kuvirudisha kwenye rafu. Siku ya tatu niligundua kwamba soli zake zinateleza. Niliona aibu kwa niaba ya kiwanda. Asubuhi, kabla meneja hajafika, nilipiga msasa pea ishirini na nne mpaka zikakamata sakafu barabara.

Kumbe soli zile hutelezeshwa makusudi. Mchezaji hupiga hatua chache, kisha huteleza kidogo anapoachia mpira. Jioni ile mipira iliachiwa na wachezaji wakaifuata. Hakuumia mtu, ila mzee mmoja wa kanisa alitamka neno mbele ya wajukuu zake ambalo nadhani alikuwa amelitunza muda mrefu. Meneja alinieleza kosa langu polepole, kwa mikono, na akaniacha kazini mpaka tulipohama. Ningejifunza pale pale, hadithi hii ingekuwa fupi.

Columbus tulikaa Whitehall, na mimi nikaingia kwenye ghala la vifaa vya michezo vilivyorudishwa na wanunuzi. Unafungua boksi, unatazama, unasema kinafaa au hakifai. Huko ndiko nilikoona kiatu cha ski kwa mara ya kwanza. Kilikuwa cha plastiki ngumu, kizito, chenye bizimu nne za chuma, na ukikivaa huwezi kukunja kifundo cha mguu. Nilikiweka upande wa vifaa vya hospitali. Msimamizi wangu akakitoa, akaanza kunieleza kwa kuyumba kushoto na kulia huku amechuchumaa. Nilimuuliza kama tumbo linamuuma. Hatimaye nilielewa kwamba kuna watu hujifunga miguuni mbao ndefu ziitwazo ski, wakapanda mlima, kisha wakateleza kwa hiari. Kwetu mtu akisema fulani ameteleza mlimani, watu huanza kutafuta machela.

Buffalo tulihamia kwa sababu dada wa mke wangu alikuwa East Side, na mke wangu Mapendo alisema hakuvuka bahari ili aongee na dada yake kwa simu. Karakana mnaijua, ni hiihii ya nyuma ya duka la ski. Nilipelekwa pale nifagie. Wiki ya kwanza niliona kiatu cha ski kimechanika kitambaa cha ndani, kimetupwa kwenye pipa, nikakitoa nikakishona saa ya chakula. Gus alikiokota, akakigeuzageuza, akasema, "Si mbaya." Siku iliyofuata ufagio alipewa mtu mwingine.

Gus ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Miaka sabini kasoro, mfupi, kucha nyeusi za nta, na katika miaka yote niliyokuwa naye hakuwahi kunisifu zaidi ya hapo. Alinifundisha kwa kunionyesha mara moja na kuondoka. Kingo za ski ni za chuma na hunolewa kwa tupa, unasukuma upande mmoja tu, mikono miwili, bila haraka. Ukisikia sauti kali ujue umebonyeza mno. Nta huyeyushwa kwa pasi. Pasi ikitoa moshi, mwondolee mtu ski yake kabla hujamuunguzia, kisha ndipo uitafute swichi. Ski ikitoboka tumboni, unachoma kijiti cha plastiki na kudondoshea tone kwa tone mpaka shimo lijae. Kazi hiyo niliipenda, maana haina tofauti na kuziba ndala.

Mimi nilidhani theluji ikiisha Buffalo na kazi imeisha. Kumbe mwezi wa tano na wa sita huja watu wa aina nyingine. Wembamba, wamebabuka pua, hawanunui kitu, wanauliza maswali mengi. Hao huenda magharibi, kwenye milima mirefu ambako theluji bado iko juu wakati huku watu wanachoma nyama nje. Hakuna kamba ya kuwavuta, hupanda wenyewe. Gus alinieleza hivi: theluji huganda alfajiri, kwa hiyo unapanda alfajiri. Jua likiilainisha juu kiasi cha vidole viwili, unateleza. Ikifika saa sita mchana imekuwa uji, na uji kwenye mteremko mkali huporomoka wote kwa pamoja, na wewe ndani yake. "Saa sita uwe umekaa kwenye gari," alisema Gus. "Anayechelewa, mlima humkumbuka."

Sasa, kupanda na ski kunahitaji kitu wanachokiita ngozi. Shikeni neno hilo. Ni ukanda mrefu kama ski yenyewe, unaobandikwa tumboni mwake. Upande mmoja una manyoya mafupi yaliyolalia nyuma, hivyo ski inakwenda mbele lakini hairudi nyuma. Upande wa pili una gundi. Ukifika juu unabandua ngozi, unazikunja gundi kwa gundi, unazitia mfukoni, unateleza. Mimi niliambiwa yote haya kwa Kiingereza, na katika Kiingereza cha Gus mimi nilidaka neno moja, ngozi. Nikasema moyoni, hatimaye. Ngozi naijua.

Siku moja mwanzoni mwa mwezi wa sita, mwaka wangu wa kwanza pale, aliingia dada mmoja mweusi, mrefu, amebeba ski begani. Nilidhani amepotea mlango. Akasoma jina kwenye aproni yangu, Bahati, akaweka ski chini.

"Shikamoo mzee."

Sisi Wakongo hatuna shikamoo. Nilijua kuna jibu lake lakini sikulikumbuka. Nikasema, "Ndiyo."

Akacheka mpaka akashika meza. "Sema marahaba, mzee."

"Marahaba," nikasema. "Habari yako, mama?"

Alikuwa Nsia, mtu wa Moshi, anapiga picha za eksirei hospitalini. Katika muda wote niliokuwa kwenye karakana ile, hakuna mteja aliyewahi kunisemesha kwa lugha ninayoota nayo. Alinieleza safari yake. Yeye na rafiki yake Ruthi, Mmarekani wa hospitali ileile, walikuwa wamepanga miaka miwili kwenda kupanda mlima mmoja wa magharibi, na hatimaye wamepata likizo wiki moja. Akasimamisha kiganja kunionyesha ulivyo mkali. Nikamwambia huo si mlima, huo ni ukuta.

"Nilipofika Buffalo sikuwa na mtu, mzee," akasema. "Krismasi ya kwanza nilikula peke yangu, mkate na chai. Ya pili Ruthi alinifuata kwangu akanichukua. Yeye ndiye aliyenifundisha kuteleza. Ndugu yangu wa huku ni yeye." Kisha akatoa ngozi zake. Gundi ilikuwa imekufa, imejaa majani na nywele. Alitaka itolewe na kupakwa mpya kabla ya Ijumaa.

Gus akaniachia kazi. "Gundi iko kwenye rafu, kopo la bluu," akasema, akaenda zake kwa daktari wa meno.

Gundi ya zamani niliitoa kwa pasi na karatasi, vizuri kabisa. Halafu nikafungua kopo la bluu. Nikachovya kidole, ikanata. Nikavuta, ikaachia. Nikangoja ikauke. Haikukauka. Nikanywa chai, nikarudi, bado inanata na kuachia, inanata na kuachia. Fundi viatu anajua gundi ya namna hiyo inaitwaje. Inaitwa gundi iliyooza. Nikamfikiria yule dada kwenye ule ukuta, ngozi zinabanduka kwa sababu Gus hataki kutupa kopo la zamani. Wallahi nisingeweza. Kwenye begi langu nilikuwa na kole yangu mwenyewe, ile ya soli, ambayo nimeitumia kwa viatu vya mapadri na vya wachimba madini na haijaniaibisha. Nikapaka mara mbili, nyembamba, nikaacha ikauke kama inavyotakiwa. Nikakunja gundi kwa gundi, kama alivyozileta mwenyewe. Na kwa mazoea nikazipigapiga nyundo.

Nsia alikuja Ijumaa akiwa na teksi inamsubiri nje. Nikampa mfuko. "Hizi hazitaachia," nikamwambia.

"Ndivyo ninavyotaka, mzee," akasema, akakimbia.

Jumamosi Gus alichukua kopo la bluu, akalipima mkononi, akauliza mbona limejaa. Nikamweleza kwa fahari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ulizikunja?" Nikasema nimezikunja. "Na nyundo," nikaongeza, nisije nikapunjwa sifa. Gus akavuta kiti akakaa, jambo ambalo alikuwa halifanyi kabla ya saa nne.

Alichukua vipande viwili vya turubai, akapaka kole yangu, akangoja, akavigandisha, akanipa. "Fungua," akasema. Nilivuta kwa mikono. Nilivuta kwa koleo. Turubai lilichanika, gundi haikuachia. Hapo ndipo nilipoelewa. Gundi ya ngozi za ski hutengenezwa iachie. Kole ya viatu ikikauka hushika kole mwenziwe, na hushika moja kwa moja. Nilikuwa nimempa yule dada ubao wenye manyoya.

Tulipiga simu yake mara nyingi. Ilikuwa imezimwa. Gus akanisukumia simu niache ujumbe kwa lugha yetu. Nikasema: "Dada Nsia, ni Papa Bahati wa karakana. Zile ngozi hazitafunguka. Usipande nazo. Usipande kwa miguu. Kosa iko langu." Simu ikalia ti, ikakata. Jumapili nilikwenda kanisani na sikuimba. Mapendo aliniuliza mara mbili ninaumwa nini, nikamwambia jino. Niliogopa. Sijui niseme vipi ili ninyi vijana mnielewe: nilikimbia vita, nilivuka ziwa, na kabla ya hapo sikuwa nimewahi kuogopa kwa ajili ya kitu nilichokifanya kwa mikono yangu na kwa upendo.

Jumatano Gus akaniambia, "Akija, niachie mimi. Nitasema kopo lilikuwa bovu, atapewa ngozi mpya. Wewe usifungue mdomo. Hapa watu hushtakiana, na ukipelekwa mahakamani sijui kama nitaweza kukubakiza." Alisema kwa wema. Nilikuwa na kazi ya miezi minane na watoto wanne.

Alikuja Alhamisi. Yuko hai. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, na Gus akanikanyaga mguu. Nsia alikuwa ameungua uso na jua, midomo imepasuka, na alitembea kama mtu aliyelala vibaya siku nyingi. Aliweka ngozi juu ya meza. Moja ilikuwa na alama za kisu. Gus akaanza ile hotuba yake ya kopo, lakini Nsia hakumsikiliza. Alinigeukia mimi.

"Mzee, nimekuja unieleze. Nimeziharibu vipi?"

"Kumetokea nini?" nikauliza.

Akanieleza. Alfajiri, walipofika mwisho wa barabara, ngozi hazikufunguka. Ruthi akasema warudi mjini waazime nyingine. Nsia akakataa, maana likizo ilikuwa inakwisha. Akasema atapanda kwa miguu, akiwa amebeba ski mgongoni. Jua lilipopanda, theluji ilimmeza mpaka mapajani. Ruthi alitangulia kwa ngozi zake, akafika juu mapema, na akamngoja. Akamngoja kwa saa mbili na nusu, juani, kwa sababu hakutaka kumwacha. Walipoanza kuteleza ilikuwa imepita saa sita. Ruthi alikuwa mbele. Nsia aliona mstari ukikatika kwenye theluji, kisha mteremko mzima ukaondoka na Ruthi akiwa juu yake, mpaka kwenye mawe. Mguu ulivunjika mara mbili. Helikopta ilikuja jioni. Simu yake Nsia aliizima tangu Ijumaa ili hospitali isimwite, kisha ikapotea humohumo kwenye theluji, kwa hiyo ujumbe wangu hakuusikia.

"Niliziacha kwenye gari juani siku nzima," akasema. "Gundi itakuwa imeyeyuka, zikashikana. Nimemwambia Ruthi ni uzembe wangu. Tangu nimwambie hapokei simu zangu. Na ana haki. Mtu alinifundisha kila kitu, halafu mimi nashindwa hata kutunza ngozi."

Sasa fikirini mahali nilipokuwa. Gus haelewi Kiswahili hata neno moja. Nsia ameshajihukumu mwenyewe na hataki rufaa. Hakuna mtu aliyeniuliza mimi nimefanya nini. Ilikuwa nikae kimya tu, na kukaa kimya ndiko nilikoagizwa na bosi.

Nikasema, "Nsia, sikia. Haiko wewe. Iko miye. Niliwekaka kole ya bilato."

Akanitazama. "Kole ya nini?"

Mtu akikiri kosa mara moja huwa amemaliza. Mimi ilibidi nikiri tena, mara ya pili kwa Kiswahili cha Tanzania. "Gundi ya viatu," nikasema. "Gundi ya kubandika soli. Gundi yao niliiona mbovu, nikaweka yangu. Halafu nikapiga nyundo. Hata ungezitunza kwenye friji, zisingefunguka. Wewe hukukosea chochote, mama. Mguu wa rafiki yako ni mimi."

Alikaa kwenye kiti cha kujaribia viatu. Akashika ngozi, akaitazama pale nilipopaka, kingo zimenyooka, hakuna tone lililotoka nje. Kazi ilikuwa nzuri sana, na hilo lilizidi kuniumiza.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ulinisalimia," nikasema. Sikuwa na sababu nyingine.

Nilitegemea tusi na nilikuwa nimeshalisamehe. Badala yake akainuka, akavuta simu ya duka pale kaunta, akabonyeza namba. "Hata namba yangu mpya hapokei," akasema. "Hii atapokea. Mwambie mwenyewe."

Mnanijua mimi na simu. Mtu akiwa mbele yangu Kiingereza changu kina mikono ya kukisaidia. Kwenye simu mikono haifiki. Hata daktari wa watoto alikuwa akipigiwa na binti yangu. Nikasikia sauti ya mwanamke, ya uchovu, inauliza nani. Maneno yote niliyoyajua yaliniondoka, nikabaki na mawili matatu. Nikasema kwa Kiingereza: "Mimi ndiye gundi."

"Nani?"

"Gundi. Ngozi za Nsia. Mimi fundi viatu, niliweka gundi ya viatu. Si Nsia. Nsia hapana. Mimi."

Gus alikuwa amesimama nyuma yangu na tupa mkononi. Mara mbili za kwanza hazikumfikia, lakini hii ya tatu ilikuwa kwa lugha yake, na aliisikia yote. Hakuniondolea simu. Upande wa pili nikasikia mtu anavuta pumzi, kisha sauti ikasema, "Yupo hapo? Mpe."

Nikampa. Nsia aliishika simu kwa mikono miwili, akalia tu, na nadhani mwenzake pia, kwa sababu hakuna aliyekata. Kisha nikamsikia akisema kwa Kiingereza, "Hapana. Hapana, Ruthi, usimshtaki. Ni mzee wangu huyu."

Nilikwenda kwenye mashine ya kunolea, ile kubwa, nikaiwasha bila ski ndani ili nilie vizuri. Gus aliiacha iungurume.